Nyekundu ya Langoni

Spana ilimpata kijana wa Bomba la Juu chini ya sikio, ikalia kama muwa unaovunjwa gotini. Hakupiga kelele. Aliwaangukia wenzake waliokwisha kulala sakafuni, na aliyempiga akawaruka wote kutafuta mwingine.

Pale makutano ya mabomba, mitaa miwili ya mji ilipokutana, hapakuwa na pa kukanyaga pasipo na damu. Wanaume wa Bomba la Chini walikuwa wametoka na spana, minyororo na vipande vya chuma. Wa Bomba la Juu nao walikuwa na vivyo hivyo, maana wote walichukua vifaa stoo moja. Kiungo kimoja kilikuwa kimepigwa kikapasuka, mvuke ukatanda, na ndani ya ukungu ule wa moto watu walipigana kwa kufuata sauti. Mwanamke mmoja alitoka humo ameshika taya lake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa.

Tusajigwe alikuwa amejibanza ukutani, mwanawe mgongoni, fulana ameikumbatia kifuani. Damu ya mtu asiyemjua ilimrukia shavuni. Kabla ya kujifuta alipeleka mkono nyuma, akampapasa mtoto kichwa, mgongo, miguu. Atupele alikuwa mzima. Alikuwa amelala, mate yamemlowesha mama yake bega.

"Inyanyue," alisema Mama Sekela nyuma yake.

"Mama, hawatuoni hawa."

"Inyanyue, wataiona."

Akainyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito, ya kijivu, inanuka sabuni. Mshipi wa taa uliopita kifuani ukawaka mweupe. Mwanamume wa karibu, aliyekuwa akimnyonga mwenzake kwa mnyororo, aliiona kwanza; akalegeza mkono. Wa pili akamwona wa kwanza. Ukimya ulisambaa kutoka hapo kwenda pembeni, na spana zikaanza kuwekwa chini, moja moja, kwa adabu, kama viatu mlangoni kwa watu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya fulana pale Mvukeni, mji uliochimbwa ndani ya mwamba wa milima ya Rungwe baada ya mabwawa ya nchi kukauka na taa za mijini kuzimika. Watu waliishi kwa mvuke wa chini ya ardhi. Ulipika, ulisukuma maji, uliwasha taa. Na mtu akiua, mvuke huohuo ulimmaliza.

"Nani amekufa?" aliuliza Mama Sekela. Alikuwa mwamuzi wa mji, mwanamke mnene mwenye goti bovu, ufunguo mmoja shingoni.

"Ndugu yangu Gwakisa." Aliyejibu ni Ambwene, fundi wa Bomba la Chini, kifua kama mlango. Alikuwa analia huku spana imelowa mkononi. "Yuko chumba cha pampu, kichwa kimepasuliwa. Na wa Juu mmoja tumemkuta humohumo."

"Nani mwingine alikuwa humo?"

"Mimi," alisema Mbwiga, naye wa Bomba la Chini, akipita mbele bila kusukumwa. "Ndimi niliyewaita watu. Huyo mwanamke nilimkuta amejikunyata nyuma ya tangi, vidole vimekunjamana, hata jina lake hawezi kulitaja. Mtu asiye na makosa anajificha kwa nini?"

Mwanamke huyo, Subilaga, fundi wa Bomba la Juu, alikuwa ameshikwa na wanaume wawili.

Kwanza fulana ilifunguliwa, kama desturi ilivyotaka. Kabla ya mtu yeyote kuhojiwa, mtu asiye na hatia katika shauri lile huivaa, hutaja jina lake, taa huwa ya kijani, na watu wakajua chombo ni kizima. Kwa kawaida mtu huyo ni mtunza fulana. Tusajigwe alimhamishia mtoto ubavuni, akavaa. "Mimi ni Tusajigwe." Kijani. Akavua.

"Unanikazia mwenyewe, shemeji, au nijikazie?" Mbwiga alimuuliza alipofika zamu yake, na watu wachache wakacheka kwa pua. Akaulizwa kama ndiye aliyemuua Gwakisa. Akasema siye. Mshipi ukabaki kijani kama jani la mgomba.

Subilaga alipovalishwa, Mama Sekela alikuwa bado hajafungua mdomo. Nyuzi za fulana husikiliza vitu vitatu: moyo, jasho na pumzi. Kimoja kikipanda peke yake, taa haibadiliki. Vyote vikipanda pamoja, huwaka nyekundu na mikanda hujifunga, isifunguke tena ila kwa ufunguo wa mwamuzi. Iliwaka kabla ya swali. Mikanda ikalia, *tak, tak, tak*, mgongoni.

Ambwene alimpiga ngumi ya mdomo, watu wakasikia meno. Alikuwa anainua mguu ampige teke, ndipo Mama Sekela akaingia katikati na goti lake bovu.

"Vazi la pili ni kesho asubuhi langoni. Ikiwa nyekundu tena, ataingia nayo kwenye mvuke. Hiyo ndiyo sheria, nawe unaijua."

"Na ikiwa kijani?"

"Atakwenda nyumbani kwake."

"Basi ikiwa kijani," Ambwene alisema, na safari hii alisema taratibu, akiwatazama wa Juu usoni mmoja mmoja, "nataka wavishwe wote. Wazee, wanawake, mmoja baada ya mwingine, mpaka iwake kwa mtu. Ndugu yangu hakujipasua kichwa mwenyewe."

Mama Sekela aliushika ufunguo wake shingoni. "Ni haki yako," alisema.

*

Walimfungia stoo ya vipuri. Tusajigwe aliingia jioni ileile na kikombe cha uji, akamkuta ameegemea rafu, ile nyekundu inamulika boriti za dari. Midomo ilikuwa imevimba. Alikuwa akivuta hewa juu juu kama aliyetolewa majini.

"Dada Suba. Ni mimi, Mama Atu."

"Nakufa. Moyo unapasuka. Mikono siisikii."

"Umeshaniambia hivyo mara ngapi? Na mara zote hukufa. Nitazame. Vuta kidogo tu. Sasa toa, polepole, kama unapoza uji wa mtoto. Usiumwage. Tena."

"Siwezi."

"Usishindane nao. Uache upande. Ukifika juu utashuka wenyewe, unajua hivyo. Poza uji."

Walipoza uji usiokuwapo, kisha wakapoza uliokuwapo. Taratibu vidole vya Subilaga vilikunjuka. Jasho lilimkauka shingoni. Mshipi wa taa haukubadilika, maana fulana haina habari na kushuka, ikishajifunga imeshajifunga.

Tusajigwe alikuwa ameanza kuujua ugonjwa ule kwenye darasa la jioni, kwa Daktari Bupe, chumba cha nyuma cha zahanati, akina mama wanne na watoto wao mapajani. Daktari aliwaambia kuna woga wa kawaida, unaokuja na kitu chake na kuondoka nacho, na kuna woga ulioharibika kama kengele inayolia pasipo moto. Huo humshika mtu akiwa amekaa tu: moyo mbio, kifua kubana, vidole kufa ganzi, akaamini anakufa au anapata wazimu. Hufika kileleni upesi na kushuka. Kinachomwangusha zaidi mtu ni kuungoja urudi. Ataanza kukwepa mahali palipomshikia, kisha na jirani yake, mpaka dunia yake yote inabaki kitanda.

Ugonjwa huo ulimwanza Subilaga baada ya bomba kupasuka mbele yake na kumwunguza mwenzake. Akaacha kuingia chumba cha pampu, akaacha makutano, akaacha hata sokoni. Watu walimwita mvivu. Mama mkwe alisema karogwa. Daktari Bupe ndiye aliyemtoa ndani, hatua kwa hatua: leo simama njiani uone mlango wa pampu, usikimbie mpaka woga ushuke, wiki nyingine gusa mlango, nyingine ufungue. Siku nyingi Tusajigwe ndiye aliyemsindikiza.

"Ndiyo maana ulikuwa humo leo," Tusajigwe alisema.

"Nilikuwa nakaa nyuma ya tangi. Zoezi langu. Nilikuwa nimeshaanza kushuka, Mama Atu, nilikuwa nimefurahi kweli." Alifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Wakaingia wawili. Hawakuniona. Nikasikia wanabishana, halafu nikaona mkono wa Mbwiga unapanda. Gwakisa alipoanguka, ukanishika. Sauti ikakatika. Nilitaka kupiga kelele, mdomo unafunguka tu kama wa samaki."

"Ulimwona Mbwiga?"

"Kama ninavyokuona."

"Na yeye taa yake ilikuwa kijani."

"Kuna watu mioyo yao haishtuki hata wakichinja mtu," ilisema sauti mlangoni. Daktari Bupe alikuwa ameingia, mwembamba, koti la zahanati limefungwa vifungo vibaya. Hakuonekana kama mtu aliyekula siku hiyo. "Nilimwambia Sekela mwaka jana, nilimwambia na mwaka juzi. Fulana haipimi uongo. Inapima mshtuko."

Alitoa chupa ndogo mfukoni, akamwekea Tusajigwe kiganjani na kukifunga kwa vidole vyake.

"Matone haya ninayatumia kwa wachache, kwa kiasi, wakati mazoezi peke yake hayatoshi. Ukimpa manne asubuhi kabla hawajaja kumchukua, moyo wake utakuwa wa mtu anayesinzia. Ataonekana safi."

"Si ni dawa yake?"

"Ni dawa yake. Hapo sina wasiwasi." Daktari aliangalia pembeni. "Wasiwasi wangu ni huyo wa baada yake."

Tusajigwe alielewa. Alikuwa amemwona Ambwene akiwapitia wa Juu mmoja mmoja kwa macho, na kwenye safu ile aliwajua wagonjwa wa Daktari. Yule mzee anayefuta viganja suruali kila akisalimiwa. Yule binti wa jikoni anayehesabu milango. Chupa ilikuwa na matone ya mtu mmoja. Hata ingekuwa na ya mji mzima, shauri lisingekwisha mpaka mmoja awake, na atakayewaka ni yule mwenye kengele mbovu ambaye hakupewa.

Atupele alikuwa ameamka. Alichomoa mkono kwenye khanga, akakamata kidole cha Subilaga. Subilaga aliomba kumpakata; akampakata juu ya mikanda ya ile fulana, shavu lake kwenye utosi wa mtoto.

"Huyu moyo wake unakimbia kama wangu," alisema.

"Watoto wote wako hivyo," alisema Tusajigwe.

*

Mama Sekela alikuwa jikoni kwake anakata vitunguu. Hakumkaribisha Tusajigwe, alimsukumia kigoda kwa mguu wake mzima.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kama umekuja kumwombea, Bupe ameshakutangulia mara mia."

"Amemwona Mbwiga akiua."

"Kila mwenye nyekundu amemwona mtu mwingine akiua." Kisu kiliendelea. "Wewe wakati ule ulikuwa mdogo, hukumbuki. Mtu akiuawa, ndugu zake walikuwa wanaua wawili. Wale wawili walikuwa na ndugu. Wanangu waliletwa kwenye toroli la mawe, mwanangu mkubwa juu, mdogo chini, na aliyewaleta aliniomba nimrudishie toroli, analihitaji. Mji ulikuwa unakwisha. Ndipo tukaipata fulana. Tangu siku hiyo anakufa mmoja. Mmoja, halafu watu wanarudi kazini."

"Hata kama siye?"

Mama Sekela aliweka kisu chini. Macho yalikuwa mekundu, na vitunguu vilikuwa hapo, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kusema lolote.

"Nipe kitu kingine kitakachomfanya Ambwene aweke spana chini," alisema. "Nipe, nitaivua fulana leo na kuifanya tambara la jiko. Unacho?"

Tusajigwe hakuwa nacho. Alikuwa na chupa mfukoni na mtoto mgongoni. Alirudi nyumbani, akaketi kitandani akamnyonyesha. Baba yake mtoto alikuwa zamu ya mashimo ya kusini, hapakuwa na wa kumuuliza. Atupele alilala na ziwa mdomoni, na kifua chake kidogo kilipiga juu ya mbavu za mama yake, haraka haraka, bila kosa lolote duniani.

Aliuweka mkono wake pale kifuani muda mrefu. Kisha akauondoa haraka, kwa sababu alijua anachowaza.

*

Lango la mvuke lilikuwa mwisho wa njia kuu: mlango wa chuma, gurudumu lake la kufungulia, na nyuma yake chumba kitupu chenye tundu sakafuni. Mvuke haudhuru fulana. Iliundwa kwa ajili ya mafundi wa zamani waliofanya kazi humo. Hudhuru nyama. Aliyeingia na nyekundu alitolewa baadaye, na fulana ikavuliwa ikaoshwa. Aliyeiosha ni Tusajigwe. Alijua inavyobanduka.

Asubuhi hiyo mji wote ulikuwapo. Wa Chini walikuja na spana zao, wa Juu na zao, na kabla hata Mama Sekela hajafika, mtu alikuwa amevunjwa mkono na mwingine amechomwa paja kwa bisibisi. Ambwene alikuwa amesimama karibu na gurudumu. Hakuwa amelala, ilionekana.

Subilaga aliletwa akiburutwa nusu. Alimtafuta Tusajigwe kwa macho, akaangalia mkono wake, akangoja.

Tusajigwe akatikisa kichwa. Chupa ilikuwa mfukoni, haijafunguliwa. Aliuona uso wa Subilaga ukibadilika, na alijua hatausahau.

Mama Sekela aliingiza ufunguo, mikanda ikalegea, nyekundu ikazimika. "Mtunza fulana," alisema. "Ifungue."

Tusajigwe alipiga magoti. Akafungua khanga, akamlaza Atupele juu yake pale sakafuni. Mtoto alimtazama na kucheka, fizi tupu. Akaichukua fulana ikiwa bado na joto la Subilaga, akaizungusha kifua cha mtoto mara mbili, akakaza mikanda.

"Unafanya nini wewe?" alisema Mama Sekela.

"Sheria inasema ifunguliwe na mtu asiye na hatia katika shauri hili." Tusajigwe aliwageukia watu. "Huyu ni Atupele. Ana miezi mitano. Jana alikuwa mgongoni kwangu mchana kutwa."

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kama mara sabini kwa dakika. Wa mtoto mchanga hupita mia na ishirini hata akiwa usingizini, na pumzi yake hukimbia maradufu ya mama yake. Atupele alikuwa ametoka mgongoni mwa mtu aliyekuwa akitokwa na jasho tangu alfajiri, shingo imelowa. Mshipi uliwaka mweupe. Ukakaa hivyo.

Kisha ukawa mwekundu. *Tak, tak, tak.*

Mtoto aliposikia kubanwa alianza kulia.

Hakuna aliyecheka kwa pua. Mwanamke mmoja upande wa Chini alisema "Jamani," basi.

"Ameua nani?" Tusajigwe aliuliza. Alikuwa bado amepiga magoti. "Niambieni. Nyekundu ya langoni haifunguliwi, mtu anaingia nayo. Kaka Ambwene, gurudumu liko mkononi mwako."

"Usinichezee, Mama Atu."

"Sichezi. Ni mwanangu huyo. Ningekuwa nacheza?"

Ambwene alimfikia kwa hatua mbili na kumpiga. Spana ilimpata mkono aliouinua, mfupa ukaitika, na Tusajigwe akaangukia upande, akajikunja juu ya mtoto kama kifuniko. Wa Juu walisogea, minyororo ikaanza kuzungushwa. Mtu wa mbele akapigwa ubapa wa chuma usoni, akaenda chini na wenzake wakapita juu yake.

"Basi!"

Lilikuwa neno moja tu la Mama Sekela, na hakuwa na fulana ya kunyanyua. Watu walisimama zaidi kwa mshangao. Aliinama kwa shida, goti lake likalia, akamsogeza Tusajigwe taratibu, akaweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, juu kidogo ya mikanda, penye shingo ya fulana. Akakiacha hapo. Kilio cha Atupele kilikuwa kimepungua kikawa kwikwi. Mkono wake ulikuwa umeukamata ufunguo uliokuwa ukining'inia.

"Wangapi walikuwa hivi, Bupe?" aliuliza bila kugeuka.

"Sijui, Mama," alisema Daktari.

"Kisia."

"Usinitake nikisie."

Mama Sekela akautoa ufunguo kwenye vidole vya mtoto, kimoja kimoja, akafungua. Fulana ikalegea. Akaitupa chini, na alipotaka kusimama hakuweza, akabaki ameketi pale sakafuni kama mtu aliyefika mahali na kukuta nyumba haipo.

"Mtoto ni mtoto," alisema Mbwiga kwa upole. Alikuwa amesogea mpaka mbele, mikono nyuma. "Tusichanganye mambo. Jana huyu mwanamke iliwaka mbele ya watu wote. Tumalize, watu wana zamu."

"Ulikuwa wewe," alisema Subilaga.

Ilikuwa sauti ndogo, imekwaruza, ya mdomo uliovunjika. Alikuwa ameachiwa, wanaume waliomshika walikuwa wamesahau kumshika. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, na vidole vilianza tena kukunjamana. Lakini alitembea. Alipiga hatua moja kumwelekea Mbwiga, akasimama akaacha woga upande, akapuliza hewa polepole kati ya meno yaliyobaki, akapiga nyingine. Tusajigwe aliijua hatua ile. Alikuwa ameihesabu naye mbele ya mlango wa pampu, asubuhi nyingi.

"Nilikuwa nyuma ya tangi. Mlikuwa mnabishana juu ya valvu mbovu, alisema atawaambia watu ni kosa lako. Ulimpiga akiwa amekupa mgongo."

Mbwiga hakubadilika uso hata kidogo. Bisibisi ilitoka nyuma yake kama kitu cha kawaida, ikaingia bega la Subilaga mpaka mpini, akaichomoa kuitafuta shingo. Hakufika. Ambwene alimdaka mkono na kuupindua mpaka ukakatika, akampiga kichwa kwenye mlango wa lango, akampiga tena, akamburuta kwa nywele mpaka kwenye kizingiti. Wa Chini na wa Juu kwa pamoja walianza kupiga chuma kwa chuma. Mtu alikuwa amekwisha kushika gurudumu.

Ambwene alikuwa ameinua spana juu ya ule uso ambao hata sasa ulikuwa unamtazama kwa utulivu.

"Kaka Ambwene," alisema Subilaga. Alikuwa ameketi, mkono begani, damu inapita katikati ya vidole. "Sijamaliza."

Spana ilibaki juu.

"Ndugu yako alizungumza. Kabla hajakata roho. Mimi peke yangu nilimsikia."

Kelele za chuma ziliendelea kidogo, kisha zikaanza kupungua, maana wa mbele walitaka kusikia na wa nyuma walitaka kujua wa mbele wananyamazia nini. Ambwene alikuwa anahema. Ukimwangalia ungeona moyo wake ukigonga shingoni. Ungemvisha fulana wakati ule, ingewaka nyekundu.

"Alisema nini?" aliuliza.

"Ni maneno mengi. Na mimi yakinishika nakwama. Itabidi uningojee."

Ambwene alimwachia Mbwiga, wawili wa Juu wakamkalia. Alitazama spana mkononi kama aliyeazimwa. Akaja akaketi sakafuni, mbele ya yule mwanamke aliyemvunja meno jana, akailaza juu ya mapaja yake.

Daktari Bupe alikuwa amepasua khanga, anamfunga Subilaga bega. Tusajigwe alijiegemeza ukutani, mkono uliovunjika umelala kama si wake, na kwa ule mwingine akampa Atupele ziwa. Mtoto alivuta kwa hasira kwanza, halafu kwa utulivu.

"Nyamazeni huko nyuma," Ambwene alisema. "Asimulie."

Subilaga alifungua mdomo, ukakwama. Alifumba macho. Kila mtu aliona kifua kikipanda, jasho likimtiririka, moyo ukimgonga shingoni, vitu vyote vitatu kwa pamoja. Hakuna aliyeangalia pembeni. Akavuta kidogo tu. Akatoa, polepole, kama anapoza uji.

Akaanza mwanzo.